Kima wa baharini: jinsi ya kuchora ramani ya wanyama bila kuficha shaka ya mahali

Ramani yangu ya kwanza niliitandaza juu ya mtumbwi uliopinduliwa ufukoni Jomvu Kuu, Mombasa. Nilikuwa nimekusanya rekodi za kima, komba na yangeyange pembezoni mwa hori ya Tudor, kila rekodi kitone chekundu, nikaichapisha kwa rangi na kuja nayo kifua mbele. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu aliinama, akaweka kidole juu ya kitone kilichokuwa katikati kabisa ya maji.

"Na huyu?"

"Huyo kima, mzee."

"Mwanangu, hapo ndipo tunapopita na mashua. Kima huyo anavua nini?"

Vijana wakaangua kicheko, nami nikakunja karatasi yangu. Usiku nilifungua faili na kuitafuta ile rekodi. Simu ya aliyempiga picha haikuwa imepata setilaiti, ikakisia mahali kwa kutumia minara ya simu, na kwenye faili palikuwa na safu nzima inayosema hivyo waziwazi: usahihi, mita 1,400. Nilikuwa nayo tangu mwanzo. Niliiacha kwa sababu sikujua pa kuiweka kwenye ramani.

Mwongozo huu ni wa kuiweka. Unachohitaji ni kompyuta ya kawaida, programu ya kuchora ramani ya QGIS ambayo ni ya bure, na rekodi zako mwenyewe au ulizopakua kutoka hifadhi za mtandaoni za rekodi za viumbe kama iNaturalist, eBird (ya ndege) au GBIF. Nitaliita jambo lenyewe "shaka": umbali wa mita ambao mnyama anaweza kuwa mbali na kitone ulichochora.

Hatua ya 1: Ijue shaka yako inatoka wapi

Watu wengi hurukia kompyuta. Usifanye hivyo. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa sababu shaka haina chanzo kimoja, na kila chanzo kina ukubwa wake.

Anza na simu. Penye anga wazi, tuseme ufukoni Nyali, simu nzuri hukosea kwa mita kama 5. Ingia Mji wa Kale, kwenye vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, na mawimbi ya setilaiti yanadundadunda ukutani kabla ya kukufikia. Hapo mita 30 au 50 si ajabu. Ndani ya feri ya Likoni kuna chuma juu na pembeni, na chombo chenyewe kinatembea, kwa hiyo mara nyingine simu inang'ang'ania mahali ulipokuwa kabla ya kupanda. Jipime mwenyewe: simama lango la Fort Jesus siku tano tofauti, chukua kipimo kila siku, kisha vichore vyote vitano. Vile vitone vilivyotawanyika ndivyo vitakavyokuambia simu yako ni ya aina gani, kuliko maelezo yoyote ya dukani.

Halafu kuna jambo ambalo wachache hulijua. Simu ya Android ikikuandikia "mita 10", haikuahidi kwamba uko ndani ya mita 10. Inasema kwamba kwa hesabu zake uwezekano wa wewe kuwa ndani ya duara hilo ni asilimia 68. Katika vipimo vitatu, kimoja kinaweza kuwa nje. Ukitaka duara linalobeba asilimia 95, na makosa yakiwa yametawanyika sawasawa pande zote, zidisha kwa 1.6 hivi. Mimi huzidisha mara mbili, hesabu rahisi na usingizi mzuri.

Chanzo cha pili kinawashinda hata wazoefu: simu inapima ulipo wewe, haipimi alipo mnyama. Kwa mjusi ukutani, hakuna neno. Kwa yangeyange ng'ambo ya hori, ni mita 150 au 300. Na kwa nyangumi wa nundu, wanaopita pwani yetu katikati ya mwaka, kati ya Julai na Septemba, mtu amesimama kwenye bustani ya Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, anaona moshi wa maji nje ya mwamba, anapiga picha, na rekodi inakaa juu ya ukuta wa bustani. Nyangumi yuko nchi kavu, kama kima wangu alivyokuwa majini. Hapa hata duara halitoshi, kwa sababu unajua upande alikokuwa. Tutarudi hapo.

Chanzo cha tatu ni mwendo. Kwenye eBird, orodha ya ndege uliotembea nayo kilomita nne kutoka Nyali hadi Bamburi inahifadhiwa kama nukta moja. Ndege wote arobaini wanabanana hapo. Shaka ya orodha hiyo si ya simu tena. Ni urefu wa matembezi yako.

Cha nne ni jina la mahali. Vielelezo vya zamani vilivyo kwenye makumbusho duniani, vya ndege, nyoka na vipepeo, vingi vina neno moja tu: "Mombasa". Meli ilitia nanga hapa, reli ilianzia hapa, na aliyekusanya aliandika bandari aliyosafirishia mzigo. Programu ya kompyuta ikiona neno hilo inaweka kitone katikati ya kisiwa. Dawa inayotumiwa ni mbinu ya nukta na nusu kipenyo, iliyoandikwa na John Wieczorek na wenzake mwaka 2004: weka nukta katikati ya eneo linalotajwa, kisha nusu kipenyo kifike kona ya mbali kabisa ya eneo hilo. Kwa kisiwa chetu, chenye urefu wa kama kilomita tano kutoka upande wa Makupa hadi Ras Serani, hiyo ni kilomita tatu hivi. Lakini kama unashuku kwamba "Mombasa" ya mwandishi huyo ilikuwa pwani yote hadi Shimba Hills, basi andika kilomita 40 bila aibu.

Maelezo ya aina ya "kilomita 3 kaskazini ya Mtwapa" yana mitego miwili. Kuanzia darajani au kuanzia stendi? Kwa barabara au kwa mstari ulionyooka? Na "kaskazini" ya mtu asiye na dira inaweza kuwa popote kati ya kaskazini-magharibi na kaskazini-mashariki. Kwa umbali wa kilomita 3, peke yake hiyo ni zaidi ya kilomita mbili kushoto au kulia.

Cha tano, desimali. Digrii moja hapa kwetu ni kama kilomita 111. Kwa hiyo desimali mbili ni kilomita 1.1, tatu ni mita 111, nne ni mita 11. Rekodi yenye latitudo -4.05 tupu imesimama kwenye mraba wa zaidi ya kilomita moja. Kinyume chake ni uongo pia: kompyuta ikigeuza kipimo inaweza kukupa desimali kumi na mbili, na desimali kumi na mbili ni udogo usiofikia hata kiini cha seli. Wingi wa tarakimu si usahihi.

Cha sita kinawahusu wenye ramani za karatasi. Ramani za zamani za Idara ya Upimaji ya Kenya za 1:50,000 zinatumia datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, na simu yako inatumia nyingine, WGS84. Ukisoma viwianishi (koodineti, kama tusemavyo wengi) kutoka karatasi ile na kuviingiza moja kwa moja kwenye kompyuta, unasogea kama mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Katika Mji wa Kale mita 300 zinakutoa mtaa mmoja hadi mwingine. Kama unajua datumu, geuza. Kama hujui, ongeza mita 300 kwenye shaka. Na rekodi ya GPS ya kabla ya Mei 2000, wakati Marekani ilikuwa bado inavuruga makusudi mawimbi ya raia, ihesabu mita 100.

Cha mwisho: maji. Wakati wa bamvua maji yakipwa, tope la Tudor na la Mtwapa linaachwa wazi mamia ya mita, na ndege wanakwenda kutafuta chakula mbali na ukingo. Maji yakijaa wanarudi hadi kwenye mikoko. Sio shaka ya kipimo, lakini rekodi isiyo na saa hukuacha hujui ndege alikuwa kwenye tope au ukingoni, kwa hiyo iandike saa kila mara.

Hatua ya 2: Safu moja, kwa mita

Kila chanzo ulichokipata kinaingia kwenye safu moja ya faili lako. Mimi huiita shaka_m. Njia salama ni kujumlisha tu, kana kwamba makosa yote yalielekea upande mmoja.

Mfano wa kundi la yangeyange kwenye mikoko ya Tudor. Simu ilisema mita 12, nikaifanya 24. Umbali hadi mikokoni ulikuwa kama mita 150 na sikusogeza nukta. Viwianishi vilikuwa na desimali nne zilizokadirishwa, hivyo kona ya mbali ni mita 8. Jumla 182. Naandika 180, maana kuandika 182 ni kujisifu.

Ukipakua data za watu wengine, safu hiyo huwa ipo tayari kwa jina jingine. Kwenye iNaturalist ni positional_accuracy. Kwenye GBIF ni coordinateUncertaintyInMeters. Usiiamini kama Kurani. Aliyeweka kitone kwa kidole kwenye ramani huenda hakugusa kabisa ukubwa wa duara.

Sheria mbili za hapa. Usiandike sifuri, kwa sababu hakuna kipimo kisicho na kosa, na viwango vya data za viumbe havikubali sifuri kwenye safu hiyo. Na pasipojulikana pabaki patupu. Patupu ni taarifa halali. Baadaye tutaichora kwa alama yake.

Hatua ya 3: Ondoa vituko

Kabla ya kuchora shaka, toa makosa ya wazi, maana kosa si shaka. Mombasa iko karibu na latitudo -4.05 na longitudo 39.67. Ukiona kima wako yuko Hispania, kusini kidogo ya mji wa Toledo, mtu amebadilisha nafasi ya latitudo na longitudo. Ukimwona kusini mwa Ethiopia, kaskazini-mashariki ya Moyale, alama ya kutoa imeanguka. Ukimwona kwenye Ghuba ya Guinea, mbali na nchi kavu, faili lilikuwa na sifuri mbili. Angalia pia kwenye safu ya shaka tarakimu zinazojirudia bila sababu, kama 9999: mara nyingi ni namba iliyowekwa kujaza nafasi.

Hatua ya 4: Jiulize ramani inajibu nini

Sijaona ramani mbaya ya wanyama iliyoharibiwa na programu. Nyingi ziliharibiwa na swali. Anayetaka kujua kima wanavuka barabara wapi pale Diani, ili madaraja ya kamba ya mbega na kima yafungwe juu ya barabara, mti hadi mti, anahitaji rekodi za mita 20, na rekodi ya mita 1,400 haimfai hata kidogo. Anayetaka kujua kama kima bado wapo upande wa Jomvu anaifurahia ile ile rekodi ya mita 1,400.

Kwa hiyo chagua skeli kwanza, kisha uamue rekodi ipi inastahili kuingia. Kanuni yangu: kama duara la shaka ni kubwa kuliko robo ya upana wa ramani yenyewe, rekodi haichorwi. Nayo haitupwi. Inahesabiwa kwenye kisanduku pembeni: "Rekodi 14 zaidi hazikuchorwa kwa sababu mahali pake hapajulikani vya kutosha."

Hatua ya 5: Chora maduara kwa ukubwa wake wa kweli

Fungua faili kwenye QGIS, kisha ulihifadhi upya kwa mfumo wa EPSG:32737, ambao ni UTM kanda ya 37 kusini, kwa datumu ya WGS84, na unapima kwa mita. Kanda hiyo ndiyo yetu. Usiruke hatua hii. Mfumo wa kawaida unapima kwa digrii, na mara ya kwanza niliandika 50 nikimaanisha mita, kompyuta ikachora duara la digrii 50 lililomeza Afrika kutoka Cape Town hadi Cairo na bado likawa na nafasi.

Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza, kifaa cha Buffer, kinachochora eneo kuzunguka nukta: pale panapoulizwa umbali, usiandike namba, bonyeza kitufe kidogo cha pembeni kinachokuruhusu kuchagua safu, uchague shaka_m. Kila rekodi itapata duara lake. Ya pili, inayofaa ukitaka data zibaki kama zilivyo, ni kwenye mtindo wa tabaka: chagua Geometry generator, aina ya umbo iwe poligoni, na uandike buffer($geometry, "shaka_m"). Ukibadilisha namba kwenye jedwali, duara linabadilika papo hapo.

Kwa nyangumi wa Mama Ngina, tumia kifaa cha Create wedge buffers. Unakipa pembe ya dira uliyoelekea, upana wa kutokuwa na hakika kwako, umbali wa karibu zaidi na wa mbali zaidi. Mimi niliweka pembe 120, upana digrii 20, kutoka kilomita 1 hadi 4. Kinatokea kipande kama cha mkate wa kumimina, kimekaa nje ya mwamba, mahali ambapo nyangumi anaweza kuwa kweli. Hakuna duara lililowahi kunipa raha hiyo.

Ukichora ramani ya mtandaoni kwa Leaflet, ile maktaba ya msimbo wa ramani za tovuti, angalia kitu kimoja tu: L.circle inapimwa kwa mita, na L.circleMarker kwa pikseli. Ya pili inabaki na ukubwa ule ule hata mtu akikuza ramani hadi mlangoni kwake, na shaka yote inakuwa pambo.

Hatua ya 6: Usiiachie rekodi mbovu kelele

Hapa ndipo wengi hukwama baada ya kufanya mengine yote sawa. Duara la mita 1,000 lina upana mara 100 ya duara la mita 10, na eneo mara 10,000. Ukiyapaka rangi ile ile, jicho la msomaji linakwenda moja kwa moja kwenye rekodi unayoijua kidogo kuliko zote. Ile nzuri inaonekana kama tone la chai kwenye kanzu.

Wino upungue kadiri shaka inavyokua. Nimejaribu fomyula za kila namna za kupunguza rangi kulingana na eneo, na mwishowe nimerudi kwenye madaraja manne ambayo mtu yeyote anayaelewa. Hadi mita 50, kitone kilichojaa, rangi nzito. Kutoka 50 hadi 250, duara lenye rangi ya asilimia 35. Kutoka 250 hadi 1,000, duara la asilimia 15. Zaidi ya hapo, mstari wa nukta-nukta tu usio na rangi ndani. Rekodi zisizo na namba ya shaka, msalaba mdogo wa kijivu.

Tumia rangi moja iliyofifishwa badala ya nyekundu kwa mbaya na kijani kwa nzuri. Wako wasioweza kutofautisha rangi hizo mbili, na pia ramani yako itaishia kwenye mashine ya kopi nyeusi na nyeupe, upende usipende. Itoe kopi mwenyewe kabla ya kuisambaza. Kama madaraja mawili yamekuwa sawa, rudi nyuma.

Na tafadhali, ramani ya joto, ile yenye mawingu mekundu na manjano, haionyeshi shaka. Wingu lake linapanuka kwa namba uliyoichagua wewe kwenye programu. Kitone cha mita 5 na cha mita 5,000 vinapata wingu moja.

Hatua ya 7: Rekodi zikiwa nyingi, nenda kwenye miraba

Maduara mia tatu juu ya kisiwa ni supu. Hapo gawanya eneo kwa miraba na uhesabu. Watu wa Kenya Bird Map hufanya hivyo kwa miraba ya dakika tano kwa tano, kama kilomita 9 kila upande, na kwa nchi nzima inatosha sana. Kwa kaunti ndogo kama yetu kilomita 9 ni pana mno. Mimi hutumia kilomita 1, wakati mwingine mita 500.

Upande wa mraba uwe angalau mara mbili ya shaka ya kawaida ya rekodi zako. Ukiwa na rekodi za mita 400, miraba ya mita 200 ni mchezo wa kuigiza.

Bado kuna rekodi ambazo duara lake linagusa miraba kadhaa. Igawanye. Ndani ya kila duara mwaga nukta 100 za nasibu kwa kifaa cha Random points in polygons, kila nukta ipe uzito wa 0.01, kisha jumlisha uzito kwa kila mraba. Rekodi safi inaupa mraba mmoja karibu 1 kamili. Rekodi ya kima wangu inatoa 0.1 huku, 0.05 kule. Jumla ya ramani inabaki idadi halisi ya rekodi, na hakuna mraba unaojipatia kima mzima kwa bahati.

Unaweza pia kukata duara pale ambapo haiwezekani. Kima hakai katikati ya hori, kwa hiyo toa maji kwa kifaa cha Difference. Kiota cha kasa hakiwi barabarani, kwa hiyo bakiza ukanda wa mchanga. Fanya hivyo kwa uangalifu. Mpaka wa mikoko kwenye picha ya setilaiti ya miaka kumi iliyopita si mpaka wa leo, kenge anaogelea vizuri kuliko wewe, na mara nyingine ile rekodi ya ajabu ndiyo habari yenyewe. Ukikata, sema kwenye ramani kwamba umekata.

Hatua ya 8: Rekodi zilizofichwa makusudi

iNaturalist huficha mahali pa viumbe walio hatarini. Badala ya mahali halisi, inaweka nukta ya nasibu ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2, kama kilomita 22 kila upande. Kisiwa chetu kiko kwenye mraba wa kutoka latitudo 4.0 hadi 4.2 kusini na longitudo 39.6 hadi 39.8, na sehemu kubwa ya mraba huo ni bahari. Ndiyo maana unaweza kukuta kakakuona anaogelea Bahari ya Hindi. Shaka iliyoandikwa kwenye safu ya public_positional_accuracy ni karibu kilomita 31, urefu wa mshazari wa mraba.

Usichore duara la kilomita 31 kuzunguka nukta ambayo haina maana. Chora mraba wenyewe, andika ndani idadi: "kakakuona, rekodi 2". Ukiziacha kama nukta, mtu ataanza kuona mpangilio kwenye mtawanyiko wa nasibu, na watu ni hodari wa kuona mpangilio.

Ukiwa na data za kasa waliofungwa vifaa vya Argos, mfumo wa kufuatilia wanyama kwa setilaiti, kila kipimo kina daraja: 3 ni chini ya mita 250, 2 ni 250 hadi 500, 1 ni 500 hadi 1,500, 0 ni zaidi ya 1,500, na A na B hazina namba kabisa. Zichore kwa madaraja hayo, na usiunganishe A na B kwa mstari wa safari.

Hatua ya 9: Ufunguo wa ramani

Kosa la wasomaji ni lile lile kila mahali: wanadhani duara ni eneo anamoishi mnyama. "Kumbe kima huyu anatembea mpaka Mikindani!" Hapana. Duara ni eneo la ujinga wetu. Mimi huandika hivi, kwa herufi kubwa kuliko jina la ramani: "Mnyama mmoja alionekana mahali fulani ndani ya kila duara. Duara halionyeshi anakotembea." Kisha mstari mmoja: shaka imehesabiwaje, kwa asilimia 68 au 95, rekodi ngapi zimeachwa, na tarehe data zilipopakuliwa.

Hatua ya 10: Kabla haijatoka mkononi mwako

Sasa geuza kichwa. Hadi hapa umehangaika kupunguza shaka. Kwa viumbe wengine unapaswa kuiongeza. Viota vya kasa na ng'amba, tundu la bundi, kakakuona: ramani yenye mita 20 ni ramani ya jangili. Kadirisha viwianishi hadi desimali moja, yaani kama kilomita 11, na uandike shaka mpya kwenye safu ili atakayetumia asidanganyike. Usivisogeze kwa nasibu kimyakimya. Nakala halisi ibaki kwako na kwa wanaohusika na ulinzi. Angalia na picha: mnara, jina la hoteli au mbuyu unaojulikana nyuma ya mnyama hufuta kazi yako yote.

Kuna na mtu. Komba aliyepigwa picha saa tatu za usiku kwenye bustani ya nyumba Kizingo, kwa shaka ya mita 6, ni anwani ya mwenye nyumba. Muulize, au ipanue.

Nilirudi Jomvu Kuu na ramani ya pili wiki tatu baadaye. Kima yule sasa alikuwa mstari wa nukta-nukta unaogusa kingo zote mbili za hori. Mzee aliitazama kitambo, akauliza mstari ule ni wa nini, nikamweleza. Akapeleka kidole moja kwa moja kwenye pembe ya ng'ambo, penye mililana mikubwa, aina ya mikoko. "Kama ni humo ndani, ni hapa. Asubuhi huteremka kula kaa." Nikachukua rula. Ncha ya kidole chake ina upana wa sentimita moja na nusu, na kwenye skeli ya 1:10,000 hiyo ni mita 150. Nikaongeza mstari mpya kwenye jedwali: kima, kwa maelezo ya mvuvi, nukta katikati ya ncha ya kidole, shaka mita 75, nikaifanya 100 kwa sababu mtumbwi ulikuwa ukicheza.